Polimerasi inanakili herufi elfu kwa sekunde. Mashine ilichelewa wapi?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa Baiolojia hapa Moshi. Wiki iliyopita nilikuwa nawafundisha kidato cha sita jinsi mpangilio wa DNA unavyosomwa, nikawaambia mashine iliyozoeleka maabara hukaa kama siku nzima kusoma vipande vya herufi mia tatu. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ulitufundisha kwamba ndani ya bakteria E. coli polimerasi inanakili karibu herufi elfu moja kwa sekunde. Sasa mashine inayotumia polimerasi inakaaje siku nzima kwa herufi mia tatu?" Darasa likacheka, mimi nikasema nitajibu kipindi kijacho. Kipindi kijacho ni Jumatatu. Naomba pia unieleze kama ni kweli siku hizi RNA inasomwa yenyewe bila kugeuzwa kuwa DNA, na kama haya yote yana faida kwa mgonjwa wa kifua kikuu anayeambiwa asubiri majibu wiki sita.

JIBU: Mwalimu, shikamoo kama umenitangulia kuzaliwa, kama ni mdogo wangu, basi pokea salamu kutoka Tengeru. Huyo binti usimpoteze. Amegusa palepale palipowakosesha usingizi wakemia wa Cambridge, Oxford na California kwa zaidi ya miaka thelathini. Jibu fupi ni kwamba polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, haikuwa mvivu hata siku moja. Sisi ndio tuliokuwa tukiisimamisha njiani.

Safari ya Moshi hadi Arusha unaijua, kilomita 80 hivi. Ukipata gari la mtu linaloondoka alfajiri, hata redio hujaisikiliza vizuri umefika. Panda Coaster inayosimama Boma Ng'ombe, KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na hapa kwetu, konda akishuka kila kituo kuita abiria, trafiki naye akiomba leseni mara mbili, utafika umevimba miguu. Injini ilikuwa na nguvu zilezile. Muda umeliwa vituoni.

Mashine uliyoitaja darasani ina kituo kwenye kila herufi. Kemia yake ilibuniwa Cambridge na Shankar Balasubramanian na David Klenerman, wakaanzisha kampuni ya Solexa, ambayo Illumina iliinunua mwaka 2007. Waliziwekea herufi A, C, G na T mapambo mawili: rangi inayong'aa, na kifuniko kidogo cha kemikali pale ambapo herufi inayofuata ingeshikia. Polimerasi ikiweka herufi moja, kifuniko kinaizuia kuweka ya pili. Hapo mashine inaosha zilizobaki, inapiga picha kuona rangi gani imeingia, inakata rangi na kifuniko, inaosha tena, ndipo inaruhusu herufi nyingine. Sasa wape wanafunzi hesabu: MiSeq, mashine ya Illumina, ikiendeshwa mizunguko 300 huchukua takriban saa 24, yaani dakika 1,440. Gawanya kwa 300, unapata karibu dakika tano kwa herufi moja. Polimerasi yenyewe inatumia sehemu ndogo tu ya hizo dakika tano. Nyingine zote ni maji ya kuoshea na kamera.

Mbona basi watu walivumilia, tena kwa furaha? Kwa sababu Coaster haikuwa moja. Juu ya kioo kimoja kidogo kuna mamilioni ya vipande vya DNA, na vyote vinapigwa picha kwa pamoja. Kwa kila kipande mwendo ni wa kobe, lakini ukijumlisha mzigo wote unapata mafuriko ya herufi. Hapa ndipo wanafunzi, na waandishi wa habari pia, huchanganya mambo. Kuna kasi ya Fuso na kuna kasi ya bodaboda. Fuso linabeba tani nyingi za mahindi, ila litaondoka likijaa. Bodaboda inabeba gunia moja na inalifikisha sasa hivi. Mtafiti mwenye sampuli elfu moja za ng'ombe anataka Fuso, na siku moja ya kusubiri si kitu kwake. Daktari mwenye mtoto aliyelazwa chumba cha mahututi anataka bodaboda. Maendeleo yaliyoleta jenomu ya mtu, yaani DNA yake yote, kwa dola 1,000 mwaka 2014, na baadaye kwa mia chache tu, yalikuwa zaidi ya Fuso. Unaloulizwa na binti ni bodaboda.

(Njia ya Sanger ya mwaka 1977, iliyomo kwenye vitabu vyenu, ilisimamisha vilevile, tena kwa ukali zaidi: herufi ya dideoksi ikishaingia, uzi umekufa, hauendelei tena. Kwa njia hiyo dunia ilitumia tangu 1990 hadi 2003 kusoma jenomu ya binadamu. Fundisha kwa heshima, lakini usikae hapo vipindi viwili.)

Wazo la kwanza la kuacha kusimama ni rahisi kulisema: iache polimerasi ikimbie, wewe itazame. Kulitenda ndiko kugumu, kwa sababu kwenye tone la maji kuna mabilioni ya herufi zenye rangi zinazoelea, na ile moja inayoshikwa na polimerasi haionekani katikati ya mwanga wote huo. Ni sawa na kumtafuta mtu mwenye tochi uwanjani wakati taa zote zimewashwa. Watu wa Pacific Biosciences walitoboa vishimo vyembamba kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Mwanga ukiingia kutoka chini haupiti. Unaishia sakafuni, ukimulika eneo dogo mno ambamo polimerasi moja imegandishwa. Walichapisha kazi hiyo mwaka 2009.

Kuna ujanja wa pili hapo ambao mimi naupenda kuliko wa vishimo. Wenzao wa Cambridge walibandika rangi kwenye herufi yenyewe, kwa hiyo ilibidi waikate. Hawa wakaibandika kwenye mkia wa fosfeti. Wewe unajua kwamba polimerasi inapounganisha herufi hukata na kutupa fosfeti za nje. Ndivyo maumbile yalivyoipangia. Basi rangi inatupwa pamoja nazo, bila mkasi wa mtu, na uzi unaobaki ni DNA safi. Polimerasi iliyotumika ni ya kirusi kidogo kiitwacho phi29, kinachoshambulia bakteria, na sifa yake ni kushika uzi bila kuuachia. Hata hivyo mwendo ukabaki herufi chache tu kwa sekunde, kwa sababu kamera inahitaji muda wa kuona mwako. Faida kubwa ilitokea kwingine: kipande kinafungwa kitanzi kila ncha, nyuzi zake ziwe duara moja, polimerasi inalizunguka mara nyingi, na makosa ya raundi moja yanasahihishwa na raundi nyingine. Tangu 2019 njia hiyo hutoa vipande vya herufi zaidi ya 10,000 vyenye usahihi wa karibu asilimia 99.9. Ni nzuri mno, ila bado ni mashine ya kukaa chumba maalumu.

Wazo la pili ndilo lililobadilisha mambo, na Jumatatu ningelipa nusu ya kipindi. Linauliza: kwani lazima tunakili? Uzi upo, herufi zimo. Kwa nini tusiusome wenyewe?

David Deamer wa California alichora wazo hilo kwenye daftari lake mwaka 1989: utando, tundu moja lililojengwa na protini, chumvi pande zote mbili, na umeme unaosukuma ioni kupita. Uzi wa DNA una chaji hasi, kwa hiyo utavutwa kuelekea upande chanya na kupenya tundu. Ukiwa ndani unaziba njia ya ioni, na kila herufi, kwa kuwa ina umbo lake, inaziba kwa kiasi chake. Pima umeme unavyopanda na kushuka, umesoma uzi. Mwaka 1996 yeye na wenzake, Kasianowicz, Brandin na Branton, walionyesha kwamba nyuzi kweli zinapita kwenye tundu la alfa-hemolisini. Hiyo ni sumu ambayo Staphylococcus aureus hutumia kutoboa chembe zetu za damu. Silaha ya jipu imegeuzwa kuwa kichwa cha kusomea.

Lakini mashine ya kwanza ya kushika mkononi, MinION ya kampuni ya Oxford Nanopore, ilianza kuwafikia watafiti mwaka 2014. Miaka ishirini na mitano tangu daftari! Mwambie binti sababu, atafurahi: tatizo lilikuwa mwendokasi. Uzi ukiachwa na umeme peke yake hupita tunduni kwa mikrosekunde chache tu kwa kila herufi, na hakuna kipimo kilichoweza kutofautisha herufi kwa kasi hiyo. Kwa hiyo walichohitaji ilikuwa breki. Breki waliyoipata ni kimeng'enya: helikesi, jamaa wa vile vinavyofungua ngazi ya DNA kabla haijanakiliwa. Helikesi hukaa mlangoni pa tundu, inaushika uzi na kuuachia herufi moja baada ya nyingine, kama mama anayeteremsha ndoo kisimani huku kamba akiibana mkononi. Mwendo unatulia kwenye herufi kama 400 kwa sekunde.

Linganisha sasa na elfu moja ya E. coli. Hatujaifikia, lakini ukitoka kwenye herufi moja kwa dakika tano, tumesogea.

Tundu lenyewe nalo limebadilishwa. Kwa miaka kadhaa limetumika la protini iitwayo CsgG, ambayo E. coli hulitumia kutolea nje nyuzi za kujinatia. Sehemu yake nyembamba ni kama nanomita moja, lakini hata hapo haikai herufi moja. Zinakaa kama tano kwa pamoja, na umeme unaoupima ni wa kundi zima. Herufi nne kwenye nafasi tano ni makundi 1,024 tofauti, mengine yakifanana kama mapacha. Ndiyo maana kazi ya kutafsiri mawimbi kuwa herufi imekabidhiwa programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, na ndiyo maana mashine yenye uzito usiofika robo kilo inadai kompyuta yenye kadi ya michoro ya bei mbaya. Hilo wauzaji hulisema mwishoni.

Wanafunzi wafanye hesabu nyingine. Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu ina herufi milioni 4.4. Kwa herufi 400 kwa sekunde, tundu moja lingehitaji sekunde 11,000, yaani saa tatu na dakika chache. MinION ina njia 512 zinazosoma kwa wakati mmoja, kwa hiyo sekunde 21 na ushei. Tukitaka kila herufi isomwe mara 30 ili tuwe na uhakika, ni kama dakika kumi na moja. Kwenye karatasi. Katika maisha halisi matundu mengi huwa yanasubiri uzi, mengine yamekufa, na uzi unaoingia si lazima uwe wa yule bakteria unayemtafuta. Nitarudi hapo.

Kwa ukubwa wa jenomu ya mtu, herufi bilioni 3.1, timu ya Euan Ashley wa Chuo Kikuu cha Stanford ilionyesha mwaka 2022 kinachowezekana ukiwa na mkoba mnene. Waligawa DNA ya mgonjwa mmoja kwenye vibao 48 vya matundu kwa pamoja, wakasoma jenomu kwa saa 5 na dakika 2, ikaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Katika utafiti huo mgonjwa mmoja alipata jina la ugonjwa wake saa 7 na dakika 18 tangu damu ifike maabara. Hiyo ni bodaboda arobaini na nane zilizokodiwa kubeba gunia moja, lakini kama gunia ni mtoto wako hutauliza nauli.

Kabla sijaenda kwenye RNA, kuna wazo la tatu ambalo ni jipya na linanichekesha kwa jinsi lilivyogeuza tatizo. Ikiwa herufi zimebanana mno ndani ya tundu, kwa nini usizitenganishe kwanza? Februari 2025 kampuni ya Roche ilitangaza njia iliyotokana na kazi za kampuni ndogo ya Stratos Genomics, iliyokuwa imeinunua mwaka 2020. Wanatumia herufi zilizoshonewa kitanzi kirefu. Polimerasi iliyofinyangwa upya inanakili uzi kwa kutumia herufi hizo, halafu kemikali inakata kiungo cha kila herufi, na vitanzi vyote vinafunguka kama kanga iliyokunjwa. Unabaki na uzi mbadala wenye urefu wa zaidi ya mara 50 ya DNA ya awali, na kila herufi imeandikwa kwa alama kubwa isiyogusana na jirani yake. Huo ndio unaopitishwa kwenye tundu. Hawakuondoa kunakili, lakini kunakili kunafanyika kwenye kichupa mara moja bila vituo, na kusoma kunafanyika baadaye kwa kasi. Mimi naiona kama ndoa ya mawazo mawili ya kwanza. Itakuja na gharama gani, wahasibu watatuambia.

Sasa RNA. Ndiyo, Mwalimu, ni kweli. Kwa miaka mingi tuliposema tunasoma RNA tulikuwa tunasema uongo mdogo. Tulikuwa tunaigeuza kuwa DNA kwanza kwa kimeng'enya cha transkriptasi kinyume, kile kilichowapa Temin na Baltimore tuzo ya Nobel mwaka 1975, halafu tunasoma nakala. Nakala ina maneno lakini haina mwandiko. Herufi za RNA nyingi zimebandikwa vialama vya kemikali, kwa mfano kikundi cha methili juu ya A, na vialama hivyo hubadilisha muda RNA inavyoishi na jinsi inavyotumika kujenga protini. Ukinakili kwenda DNA vinafutika vyote. Wanafunzi wako walikuwa shule wakati wa chanjo za mRNA za UVIKO. Katalin Karikó na Drew Weissman walipata Nobel mwaka 2023 kwa sababu waligundua kwamba kubadilisha aina moja ya herufi za RNA kikemia kunaifanya kinga ya mwili isiishambulie. Vialama si mapambo.

Kwenye tundu, RNA inaingia yenyewe. Inashikwa mkia wake wa herufi A nyingi, mota ya protini inaifungua, na inasomwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 2018. Mwendo ulikuwa herufi 70 hivi kwa sekunde, na kemia ya karibuni imeufikisha kama 130. Kwa hiyo RNA bado ni mzee anayepanda mlima, na inataka sampuli nyingi kuliko DNA kwa sababu hatuizalishi kwanza. Tatizo jingine ni la jikoni: RNA inaoza ukiitazama tu. Jasho la vidole vyetu limejaa vimeng'enya vya kuikata. Mwanafunzi wangu mmoja alipoteza kazi ya wiki mbili kwa kufungua mlango wa friza na glavu, kisha kushika kichupa na glavu zilezile.

Mashine hiyo ndogo imefika hata shambani. Kikosi cha watafiti, akiwemo Laura Boykin, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Western Australia, na wenzake wa Tanzania, Uganda na Kenya, walibeba MinION hadi mashambani mwa wakulima wa mihogo na kusoma virusi vya batobato. Batobato inaletwa na kirusi cha DNA. Ugonjwa mwingine wa mihogo, michirizi ya kahawia, unaletwa na kirusi cha RNA, nao ulielezwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu, Amani kule Tanga, mwaka 1936. Mkulima ambaye angesubiri miezi alipata jibu akiwa bado yuko shambani.

Tuje kwa mgonjwa wako wa kifua kikuu, maana hapa ndipo nitakukatisha tamaa kidogo kabla ya kukupa moyo.

Wiki sita zile si za mashine. Ni za bakteria. E. coli hugawanyika kila dakika ishirini. Mycobacterium tuberculosis huhitaji karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Tunamwotesha kwa sababu kwenye makohozi yupo mchache na amezungukwa na seli za mgonjwa. Hesabu ya tatu ya darasa: seli moja ya mtu ina herufi bilioni 6.2, bakteria mmoja ana milioni 4.4. Seli moja tu ya mgonjwa inaleta DNA sawa na ya bakteria 1,400. Ukimwaga makohozi kwenye tundu linalosoma herufi 400 kwa sekunde, utasoma kwa kasi ya ajabu jenomu ya mgonjwa, ambayo hukuiomba. Na bakteria mwenyewe amejifunika ukuta wa nta, havunjiki kwa kemikali za kawaida. Tunampasha moto na kumsaga kwa vipunje vya kioo.

Kwa hiyo ubunifu unaohitajika upo kabla ya tundu. Mmoja ni transposesi, kimeng'enya kilichokopwa kwa "jeni zinazorukaruka". Kinakata DNA na papo hapo kubandika ncha tunazohitaji, kazi iliyokuwa ya saa nzima au zaidi ikawa ya dakika kumi. Mwingine ni kulifanya tundu lichague. Mashine inasoma herufi mia chache za mwanzo, kompyuta inaona "huu ni wa mtu", na umeme wa tundu hilo unageuzwa, uzi unatemwa, nafasi inabaki kwa mwingine. Wazo hilo lilionyeshwa mwaka 2016, na kila nikilitazama linafanya kazi kwenye skrini nacheka peke yangu: bawabu wa molekuli. Linasaidia, ila kwenye makohozi yenye bakteria wachache bado halitoshi.

Kinachotosha kwa sasa ni kutosoma kila kitu. GeneXpert, ambayo WHO iliiidhinisha mwaka 2010 na ipo hospitali nyingi za Kilimanjaro na Arusha, hutoa jibu chini ya saa mbili kwa kuangalia kipande cha herufi 81 tu za jeni rpoB kuona kama kuna usugu dhidi ya dawa ya rifampisini. Lakini yenyewe haisomi herufi. Inatumia vinasio ambavyo vinanasa au havinasi. Kwa dawa kama bedakwilini usugu unaweza kukaa popote ndani ya jeni Rv0678, na huwezi kutengeneza kinasio cha kila mahali. Hapo lazima usome. Mwaka 2024 WHO ilipendekeza vipimo vinavyozalisha kwanza jeni chache za usugu moja kwa moja kutoka kwenye makohozi, kisha kuzisoma. Kimojawapo kinatumia matundu ya Oxford Nanopore. Hakuna kuotesha. Wiki zinakuwa siku.

Na usahihi? Mgonjwa asiyesikia dawa ya isoniazidi mara nyingi ana bakteria wenye badiliko moja katika jeni katG: kodoni ya 315 ilikuwa AGC, imekuwa ACC. Herufi moja kati ya milioni 4.4. Tundu likikosea asilimia moja tu, kusoma jenomu mara moja kutaleta makosa 44,000. Ndiyo sababu ya kusoma mara 30 na zaidi: makosa ya kubahatisha hayarudi mahali pamoja, badiliko la kweli linarudi kila mara. Yapo pia makosa yasiyo ya kubahatisha, hasa herufi ileile ikijirudia. Ukiona AAAAAAA umeme unatulia kama mstari, na mashine haijui zimepita saba au nane. Matundu mapya yenye sehemu mbili nyembamba ndani yamepunguza kosa hili, hayajalifuta.

Kisha kuna barabara, na hapa nasema kama mtu aliyeumia. Matundu ni protini kwenye utando. Yanataka ubaridi wa jokofu, na vimeng'enya vyake vinataka nyuzi 20 chini ya sifuri. Mzigo wetu mmoja uliwahi kulala mwisho wa juma kwenye ghala lenye joto, ukisubiri muhuri wa mtu ambaye hakuwepo. Tulipoufungua, matundu hai hayakufika robo. Herufi 400 kwa sekunde zilisubiri muhuri siku tatu. Kwa mgonjwa wa kijijini ni hivyohivyo: makohozi yakitoka zahanati ya Rombo yakakaa siku nne yakingoja gari la kwenda Kibong'oto kule Siha, hakuna helikesi itakayozirudisha siku hizo nne.

Kama unaweza kupata usafiri, peleka darasa hospitali ya KCMC, uulize watu wa KCRI, taasisi yao ya utafiti ambayo imekuwa ikisoma jenomu za bakteria wa wagonjwa wa hapo hapo Moshi. Na kwa Jumatatu, nakushauri ununue kamba ya katani mita mbili. Funga mafundo ya aina nne, makubwa, madogo, ya mawili na ya kuzungusha, na mahali pamoja funga madogo saba mfululizo. Toboa kopo chini, binti yule afumbe macho, mwenzake avute kamba ipite kopo huku yeye akihisi kwa vidole viwili na kutaja anachopita nacho. Kwanza mwenzake avute kwa nguvu zote: hatasema kitu. Kisha abane kamba kwa mkono mwingine, aiachie kidogokidogo: ataanza kutaja. Akifika kwenye yale saba, waandikie ubaoni anavyohesabu kila mmoja, wapate darasa zima, halafu uniletee namba hizo. Nina dau na mwenzangu wa maabara kwamba wengi watasema sita.